Mshirika kakimbilia Dubai na pesa yangu: Interpol watamrudisha?

*"Nauza vigae na vifaa vya bafuni Kariakoo. Mwezi wa nane mwaka jana nilishirikiana na mtu niliyemfahamu kwa miaka minne kuagiza kontena la vigae kutoka Foshan, China. Nilimpa shilingi milioni 86: milioni 80 kwa benki mara mbili, na milioni 6 kwa simu kidogo kidogo. Akanitumia bili ya shehena, ile hati ya kampuni ya meli inayoonyesha mzigo umepakiwa, kwa WhatsApp. Kontena halikufika. Alihamia Nairobi, na sasa nasikia yuko Dubai, mitaa ya Deira. Nimeripoti polisi, nina RB (namba ya taarifa yangu kituoni), na mpelelezi ananiambia jalada 'limekwenda Interpol'. Miezi mitano imepita. Sasa kuna kijana anadai ana mtu wake ndani ya Interpol, nikitoa milioni 3 notisi nyekundu itawekwa ndani ya wiki mbili. Ndugu zangu nao wanasema nibandike picha yake mtandaoni niandike ANATAFUTWA NA INTERPOL. Nifanye lipi?"*

Tuanze na huyo kijana, maana ndiye anayeweza kukutia hasara ya pili kabla wiki haijaisha. Usimpe hata shilingi. Interpol haipokei ombi la mtu binafsi, wala la wakili wake, wala la kampuni. Notisi nyekundu, yaani tangazo la kumtafuta mtu duniani, huombwa na ofisi ya taifa ya Interpol ya nchi husika, au na mahakama ya kimataifa, na haina ada. Hakuna dirisha la kulipia, si Lyon yaliko makao makuu yake wala Dar es Salaam. Akikuletea karatasi yenye tufe la dunia, upanga na mizani, ujue nembo hiyo inapakuliwa mtandaoni kwa nusu dakika. Kijana anajua mfa maji haachi kutapatapa, na amekuja kukuuzia unyasi wa kushika.

Hofu yako yenyewe ni nyingine: mtu akishavuka mpaka, sheria ya kwetu bado ina mkono wa kumfikia? Mkono upo, ila si wa askari. Kinachovuka mpaka ni karatasi, na karatasi hiyo huanzia kwenye jalada lako pale kituoni. Jalada likiwa jepesi, hakuna mtu Lyon wala Dubai atakayeliongezea uzito.

Ondoa kwanza ile picha ya askari wa Interpol wanaoshuka kwenye ndege na pingu mkononi. Hawapo. Interpol ni chama cha polisi wa nchi 196. Mizizi yake ni Vienna mwaka 1923, na makao makuu yapo Lyon, Ufaransa, tangu mwaka 1989. Kazi yake kubwa ni kupitisha ujumbe na kutunza kanzidata: watu wanaotafutwa, pasi za kusafiria zilizoibiwa, magari yaliyoibiwa, alama za vidole. Kila nchi mwanachama ina ofisi yake ya taifa, na wanaokaa ndani ya ofisi hiyo ni polisi wa nchi hiyohiyo. Ya kwetu iko chini ya Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba "Interpol wamemkamata mtu Dar es Salaam", waliomkamata ni Polisi wa Tanzania, kwa sheria ya Tanzania. Huyo wako akikamatwa Deira, atakamatwa na polisi wa kule kwa sheria ya Falme za Kiarabu, na wakiona sheria yao hairuhusu, hatakamatwa.

Kauli ya mpelelezi kwamba jalada "limekwenda Interpol" inaweza kubeba maana nne au tano, na tofauti yake ni kubwa. Safari ya kawaida ni hii: mpelelezi wa kituo huandaa jalada, likapita kwa OC-CID (mkuu wa upelelezi wa wilaya), likapanda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, likafika makao makuu kwa DCI, yaani huyo Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, ndipo ofisi ya taifa ya Interpol ilitazame. Ofisi hiyo ikiridhika hutuma ujumbe kwa mfumo wa mawasiliano uitwao I-24/7, unaoziunganisha ofisi zote za nchi wanachama usiku na mchana. Ujumbe wenyewe hufika Abu Dhabi kwa dakika chache. Miezi inaliwa na ngazi za hapa nyumbani, ambako jalada hurudishwa chini mara mbili tatu kwa sababu kuna kitu hakimo. Mara nyingi "limekwenda Interpol" maana yake ni kwamba barua imetoka mkoani, basi.

Basi nenda ukamwulize mpelelezi kwa upole, na usitoke hapo na jibu la "tunashughulikia": je, mtuhumiwa ameshafunguliwa shtaka mahakamani, na hakimu ametoa hati ya kumkamata? Ofisi ya taifa imeombwa nini hasa: taarifa za alipo, notisi ya bluu, ujumbe wa moja kwa moja kwa nchi fulani, au notisi nyekundu? Na barua iliyopelekwa ina kumbukumbu namba gani? Namba hiyo iandike. Kuanzia hapo kila ukifuatilia unataja namba, hutaji jina lako.

Hiyo hati ya hakimu ndiyo mlango. Bila hati halali ya kukamatwa hakuna notisi nyekundu, kwa kuwa notisi yenyewe ni tangazo tu linalosema: nchi fulani ina hati ya kumkamata mtu huyu, tafadhali mtafuteni na mkimpata mzuieni kwa muda ili tuombe arejeshwe. Notisi nyekundu yenyewe si hati ya kukamatwa. Kila nchi huamua itaipa uzito gani. Zipo zinazomkamata mtu kwa notisi peke yake, na zipo kama Marekani ambako notisi pekee haitoshi kumtia mtu pingu. Vilevile nchi inayoomba huahidi kwamba mtu akipatikana, itaomba arejeshwe. Hapo ndipo mashauri mengi ya pesa ndogo hukwama bila mtu kukwambia: kurejesha mtu ni mawakili, tafsiri, tiketi za askari wawili au watatu wa kumsindikiza, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka lazima ikubali kuubeba mzigo huo.

Kama bado hujui kwa uhakika alipo, notisi ya bluu ndiyo inayofaa hatua hii. Inaomba nchi wanachama zieleze mtu yuko wapi, anatumia kitambulisho gani, anafanya nini, bila kumkamata. Nyingine ni ule ujumbe wa moja kwa moja: ofisi ya taifa ya Dar inaandikia ofisi za nchi chache inazozichagua, tuseme Kenya na Falme za Kiarabu, badala ya dunia nzima. Ni wa haraka zaidi, na kwa mtu ambaye nyayo zake zinajulikana, mara nyingi unatosha. Wengi hukimbilia nyekundu kwa sababu ya jina lake. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 ilianza pia kujaribiwa notisi ya rangi ya fedha, ya kufuatilia mali za wahalifu, ikiwa na nchi 52. Kwa milioni 86 usiitegemee.

Sasa jambo ambalo pengine hujaambiwa na mtu, na ndilo litakaloamua shauri lako. Kanuni za Interpol zinataka kosa liwe zito: adhabu yake ya juu isipungue kifungo cha miaka 2 kwa mtu anayetafutwa kushtakiwa. Hapo umevuka, kwa sababu kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, adhabu yake hufika miaka 7. Lakini kanuni hizohizo zinakataza notisi nyekundu kwa makosa yanayotokana na ugomvi wa watu binafsi, isipokuwa kama nyuma yake kuna uhalifu mkubwa au mtandao wa kihalifu. Wanasheria wa mtuhumiwa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Watasema: hawa walikuwa washirika, biashara ikaharibika, huyu bwana anatumia polisi kudai deni lake. Wakiona notisi imetoka watapeleka malalamiko kwenye tume inayosimamia mafaili ya Interpol, na tume ikikubaliana nao, notisi inafutwa duniani kote.

Kwa hiyo swali ambalo jalada lako lazima lijibu ni moja: huyu mtu alishindwa biashara, au alikudanganya tangu siku ya kwanza? Kushindwa kulipa ni deni. Kukuonyesha shehena ambayo haikuwahi kuwepo ni jinai. Na kitu kinachoweza kuthibitisha hilo uko nacho tayari kwenye simu: ile bili ya shehena.

Ifungue uitazame namba ya kontena. Namba halali ina herufi 4 na tarakimu 7. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne kwa makontena ya mizigo ni U, na tarakimu ya mwisho kabisa haikuwekwa kwa bahati: ni ya kuhakiki hizo nyingine 10. Hesabu yake inafanyika hata kwa kalamu. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea, ukiruka kila namba inayogawanyika kwa 11. Alama ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaongeza mara mbili hivyo hadi ya kumi ambayo ni 512. Jumlisha yote, gawanya kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki ikiwa 10 huandikwa 0. Chukua namba ya mafunzo CSQU3054383: jumla yake ni 6185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, na kweli namba inaishia na 3. Aliyejitungia namba ovyo ovyo kwa kompyuta ana nafasi ndogo ya kuangukia tarakimu sahihi.

Namba ikikubali bado hujamaliza, kwa sababu tapeli aliyezoea huazima namba ya kontena la mtu mwingine. Hapo unakwenda kwa wakala wa meli hapa Dar wa kampuni iliyotajwa kwenye bili. Mwambie mpelelezi awaandikie yeye, kwa barua ya polisi: je, bili yenye namba hii mliitoa? Kontena hili tarehe hiyo lilikuwa wapi, na lilibeba mzigo wa nani? Jibu la maandishi lenye mhuri linalosema "bili hii hatuitambui" lina uzito kuliko kurasa mia za malalamiko yako. Papo hapo umetoka kwenye deni, umeingia kwenye kughushi na udanganyifu.

Kipande cha pili ni njia ya pesa. Taarifa ya benki yako inaonyesha umelipa. Hiyo ni nusu. Nusu yenye maana zaidi ni taarifa ya akaunti yake, ambayo wewe huwezi kuipata ila mpelelezi anaweza kwa utaratibu wa kisheria: ile milioni 80 ilikwenda wapi siku tatu zilizofuata? Kama ilitumwa kwa muuzaji wa Foshan na muuzaji ndiye aliyekula, shauri lako limegeuka na huenda mshirika wako naye ni mhanga. Kama ilitolewa taslimu Kariakoo keshoye, au ilihamia akaunti ya Dubai ambako hamkuwa na biashara yoyote, nia yake imejionyesha yenyewe. Usiogope jibu lolote kati ya haya. Ni heri kulijua sasa kuliko kulijua mbele ya hakimu.

Kuhusu WhatsApp: picha za skrini peke yake ni ushahidi dhaifu, maana kila mtu anajua zinavyotengenezwa. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu, usiirudishe kiwandani. Hamisha mazungumzo yote kama faili pamoja na viambatisho, na simu yenyewe ikihitajika, ikabidhi kwa kuandikishiana: aina, IMEI (namba ya utambulisho wa simu), tarehe, jina la anayepokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, lakini mahakama itauliza ulitunzwaje. Miamala ya simu nayo iombwe mtandao husika, usitegemee meseji ulizohifadhi.

Kisha utambulisho. Notisi haitoki kwa "Juma wa vigae". Panatakiwa jina la ukoo na jina la kwanza, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na angalau kimoja kati ya hivi: taarifa za kitambulisho au pasi, alama za vidole, vinasaba, au maelezo ya umbile. Bila hayo iwepo picha nzuri inayoambatana na maelezo mengine, kama majina ya wazazi au majina ya bandia. Mlikuwa na mkataba? Alitoa nakala ya NIDA? Mliwahi kusafiri pamoja na tiketi zikakatwa kwa pasi yake? Tafuta. Jina lililoandikwa Mohamed mahali pamoja na Muhammad mahali pengine hupotosha kanzidata, kwa hiyo andika yote mawili, na ueleze lipi liko kwenye pasi.

Tuseme sasa yote yamenyooka na amezuiwa Dubai. Hapo polisi wamemaliza sehemu yao kubwa na wanasheria wa serikali wanaanza yao. Kurejesha mtuhumiwa ni shughuli ya serikali kwa serikali inayopita mahakamani. Kwetu inaongozwa na sheria ya kurejesha wahalifu ya mwaka 1965, Sura ya 368, na kule na sheria yao ya mwaka 2006 ya ushirikiano wa kimahakama. Nyaraka hutafsiriwa kwa Kiarabu na hupita kwenye mamlaka kuu za pande zote mbili. Jaji wa kule hatauliza kama alikuibia; hiyo ni kazi ya mahakama ya Dar. Atauliza kama kitendo hicho ni kosa pande zote mbili, kama hati ni halali, kama shtaka si la kisiasa, na kama atashtakiwa kwa kosa lililotajwa tu, si jingine litakalochomekwa akishafika. Mikataba mingi huipa nchi inayoomba kati ya siku 30 na 60 kuleta nyaraka kamili baada ya mtu kuzuiwa kwa muda. Zikichelewa, anaachiwa. Ndiyo maana nasisitiza jalada liwe tayari kabla ya kumtafuta. Ukimkamata mtu mapema na karatasi zikawa bado, umempa taarifa kwamba anatafutwa na umemwonyesha mlango wa kutokea.

Pasipokuwa na mkataba wa nchi mbili, serikali huweza kuegemea mikataba ya Umoja wa Mataifa, kama ule wa Palermo wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ambao Tanzania na Falme za Kiarabu zote zimo. Ila Palermo inataka kundi la watu watatu au zaidi na kosa la kifungo cha miaka 4 kwenda juu. Miaka unayo. Kundi je? Kama kuna aliyetengeneza bili, aliyejifanya wakala wa China kwenye simu, na aliyepokea pesa, basi majina yao yawemo kwenye jalada. Kama ni mtu mmoja, usimvishe genge asilo nalo.

Ikitokea amerudi Nairobi, furahi, maana njia ya huko ni fupi zaidi. Sheria yetu na ya Kenya, Sura ya 76, zina utaratibu wa nchi jirani kuidhinishiana hati: hati ya hakimu wa Dar hupelekwa kwa hakimu wa Kenya, akaiidhinisha, na polisi wa Kenya wakaitekeleza. Pia kuna chombo cha wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, tangu mwaka 1998, na sekretarieti yake ni ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi. Wapelelezi wa pande hizi hupigiana simu wakajuana kwa majina. Mpelelezi wako anaweza hata kusafiri kwenda huko, lakini akifika ni mgeni: anakaa pembeni wakati mwenyeji anakamata na kuhoji.

Kasi ya kumpata mtu isikudanganye, hata hivyo. Mwezi wa sita mwaka 2014 zilikamatwa zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu Mombasa. Mtuhumiwa mkuu alivuka kuja Tanzania, Interpol ikamtangaza, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo alikamatwa Dar es Salaam na katika siku chache alikuwa mbele ya mahakama ya Mombasa. Mwaka 2016 akahukumiwa miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru, ikiona kasoro kwenye ushahidi na uendeshaji wa kesi. Ushirikiano wa mpakani ulifanya kazi barabara. Kilichopwaya ni cha nyumbani.

Upande wa pili wa mizani tazama ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, Baktash na Ibrahim, waliokamatwa Mombasa mwezi wa kumi na moja mwaka 2014 katika operesheni ya polisi wa Kenya na kitengo cha dawa za kulevya cha Marekani. Wamarekani walikuwa na ushahidi uliopikwa taratibu kwa miezi, pamoja na kilo 99 za heroini zilizofikishwa mikononi mwa watu wao wa siri. Bado suala la kuwasafirisha lilisota mahakamani Mombasa zaidi ya miaka miwili, hadi walipopelekwa New York mwezi wa kwanza mwaka 2017, huku mawakili wao wakilalamika kwamba kesi ya urejeshaji haijamalizika. Walikiri makosa mwaka 2018. Mmoja alipata miaka 25, mwingine 23. Kama taifa kubwa lenye pesa na jalada nene lilisubiri miaka miwili, na wewe jipe muda.

Na mtu asikushawishi kuhusu njia ya mkato, ile ya kumtia mtu kwenye buti na kumvusha Namanga usiku. Baada ya mabomu ya Kampala ya mwezi wa saba mwaka 2010, Wakenya kadhaa walikabidhiwa Uganda bila kupitishwa mahakamani, na Mahakama Kuu ya Kenya ikasema waziwazi kwamba utaratibu wa sheria ulikiukwa. Ikiwa hilo halikubaliki kwa ugaidi, kwa vigae ndio kabisa.

Pesa yako je? Hapa sitakupamba. Fedha iliyotumwa nje hufuatwa vizuri katika siku mbili tatu za mwanzo, benki zikipigiana simu kabla haijatolewa. Interpol ina utaratibu wa dharura wa kuzuia malipo ya namna hiyo, na unategemea polisi kuambiwa upesi. Miezi mitano ni mingi. Kinachobaki ni kufuatilia iligeuka kuwa nini: gari, kiwanja, duka la jamaa yake. Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu kinaweza kuomba taarifa kwa vitengo wenzake vya nchi nyingine, lakini taarifa hizo ni za kumwelekeza mpelelezi, si ushahidi wa kuusoma mahakamani. Kuupata ushahidi wenyewe, kama taarifa ya benki ya Dubai, panatakiwa ombi rasmi chini ya sheria ya kusaidiana katika masuala ya jinai ya mwaka 1991, Sura ya 254, kwa mkono wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mali aliyoiacha hapa nchini ndiyo yenye matumaini zaidi. Orodhesha kila unachokijua, na usingoje.

Ndiyo sababu ya kumwona wakili mwezi huu, ana kwa ana, akiwa na nyaraka zote mezani. Mahakama ya jinai inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani akulipe fidia, lakini hilo linasubiri hatia. Kesi ya madai ni njia yake yenyewe, na muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, kwa hiyo hujachelewa. Wakili ataweza kuomba mali ya hapa izuiwe isiuzwe. Atapima pia kama kesi hiyo itawapa wapinzani hoja ya kusema "mnaona, ni deni tu". Jibu linategemea maneno ya mkataba wenu, na hayo lazima yasomwe na mtu aliyeyashika mkononi. Mpelelezi akiendelea kukuzungusha baada ya maswali yale matatu, panda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa kwa barua, ukiambatanisha nakala ya RB na ile kumbukumbu namba. Usimwendee na kelele. Mwendee na jibu la wakala wa meli.

Picha ya mtandaoni iache. Ukiandika anatafutwa na Interpol wakati notisi haijatoka, umechapisha uongo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 itakugeukia wewe. Notisi nyingi hata zikitoka hazionyeshwi kwa umma, na si bure: anayetafutwa akijiona Instagram leo, kesho yuko nchi ya tatu. Wala usikubali ushauri wa kuripoti kwamba pasi yake imeibiwa ili anaswe uwanja wa ndege. Ni taarifa ya uongo kwa polisi.

Jambo la mwisho hutokea mara nyingi shinikizo linapoanza kumfikia. Atakupigia, au atamtuma shangazi yake, akiomba myamalize kifamilia: atalipa milioni 5 kila mwezi. Sikiliza, na anacholeta kipokee kwa benki chenye jina lake. Lakini kesi ya jinai si yako kuifuta. Anayeamua ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Na wakikuletea karatasi ya makubaliano usome neno moja moja kabla ya kalamu kugusa. Ikiwa imeandikwa "mkopo", "deni" au "mtaji wa ubia uliopata hasara", usisaini mpaka wakili wako aisome, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayofika Lyon kabla ya jalada lako.